Makabidhiano ya Ujuzi: Namna ya Kubaki na Anachokijua Mfanyakazi Kabla Hajaondoka

Ofisi nyingi huamini kwamba zimefanya makabidhiano pale zinapokuwa na hati yenye saini tatu na orodha ya funguo, majalada, kompyuta na muhuri. Wiki mbili baadaye simu huanza. Mpokeaji anamuuliza aliyeondoka ni mzabuni yupi hukubali kuleta klorini kabla ya kulipwa, kwa nini ankara ya shule fulani hutolewa kivyake, na valvu ya bomba la sokoni ilifukiwa wapi. Vitu vilikabidhiwa, lakini ujuzi ulibaki kichwani mwa mtu ambaye sasa yuko shambani kwake.

Kosa linalojirudia ni lile la kumwambia anayeondoka aandike kila anachokijua. Naye, kwa nia njema kabisa, huandika kurasa nyingi za majukumu ambayo tayari yamo katika barua yake ya ajira, kwa sababu yale anayoyafanya kwa mazoea hayaoni tena kuwa ni ujuzi. Mwongozo huu unageuza kazi hiyo: anayeondoka aulizwe kuhusu matukio, mpokeaji ndiye aandike, na mafanikio yapimwe kwa kazi kufanyika bila yeye.

Mfano nitakaoutumia ni wa fundi mkuu wa mabomba anayestaafu katika mamlaka ya maji ya mji mdogo. Hatua hizihizi zinamfaa pia mhasibu wa SACCOS, mtunza stoo wa hospitali au mratibu wa mradi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Mpokeaji aliyetajwa kwa jina. Kama nafasi haijajazwa, ateuliwe kaimu. Ujuzi haukabidhiwi kwa "ofisi".
- Mhojaji ambaye si bosi wa anayeondoka. Sababu yake itaelezwa katika hatua ya tatu.
- Barua fupi ya mkuu wa taasisi inayompunguzia anayeondoka majukumu ya kawaida.
- Orodha ya simu alizopiga za kikazi na baruapepe alizotuma katika miezi mitatu iliyopita.
- Simu yenye kamera, kinasa sauti na ramani, pamoja na tepu ya kupimia kama kazi yake ni ya nje.
- Kaunta buku moja ya mpokeaji, na folda ya pamoja iliyo chini ya akaunti ya taasisi.

Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Mpango huu umepangwa kutosha ndani ya siku hizo. Kwa anayestaafu hakuna kisingizio cha kushtukizwa: mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60, na tarehe zake za kuzaliwa ziko kwenye jalada. Kwake anzeni miezi sita kabla.

## Hatua ya 1: Tengeni muda siku ya kwanza

Siku notisi inapopokelewa, bosi, anayeondoka na mpokeaji wakae kikao kimoja na kupanga saa mbili za makabidhiano kila siku ya kazi, zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba na kusainiwa na wote watatu.

Hili linafanywa mapema kwa sababu siku 28 za karatasi si siku 28 za kazi. Ondoa mwisho wa wiki, ondoa siku za kufuatilia mafao na siku ya kuagwa, na utabaki na takriban wiki tatu za kazi, au chini ya hapo. Asipopunguziwa majukumu, anayeondoka atatumia siku hizo kumaliza viporo vyake, na huo ndio utakuwa mwisho wa makabidhiano.

Tahadhari: usimtake akabidhi ujuzi kwa kumtishia kuchelewesha malipo ya mwisho au cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki yake kisheria. Zaidi ya hayo, mtu aliyetishwa hujibu anachoulizwa na kunyamazia kilichobaki, nawe hutajua alichonyamazia.

Umefanikiwa iwapo: ratiba ina tarehe, saa na majina, na kuna mtu mwingine aliyepewa kazi alizoondolewa.

## Hatua ya 2: Orodhesha kazi kutokana na nyayo zake

Msianze na maelezo rasmi ya kazi. Anzeni na simu na baruapepe za miezi mitatu. Kila namba iliyopigwa mara nyingi, kila ujumbe uliotumwa tena na tena, unaonyesha kazi fulani, na nyingi kati ya hizo hazimo katika karatasi yoyote. Kisha pitieni kalenda ya mwaka mzima, kwa maana miezi mitatu haionyeshi mambo ya msimu kama vile maandalizi ya masika au kufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni.

Andikeni kila kazi kwenye mstari wake, na mbele yake alama mojawapo ya hizi: *imeandikwa mahali*, *wengine wanaijua*, au *anaijua yeye tu*.

Tofauti hizi huokoa muda mwingi. Kwamba kodi ya mishahara hupelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata ni jambo ambalo mhasibu mpya yeyote atalipata bila shida. Lakini kwamba orodha ya malipo katika taasisi yenu hukwama kila mara kwa sababu mweka saini wa pili husafiri mwisho wa mwezi, na kwamba dawa yake ni kumpelekea tarehe 20 badala ya 28, hilo halimo katika sheria wala kanuni. Muda wenu uwekeni hapo.

Katika zile alizozijua yeye tu, chagueni saba hadi kumi ambazo zikisimama zitaleta hasara, hatari au aibu. Kazi nyingine ziacheni. Orodha ya kazi sitini haikamiliki, na mpokeaji huishia kujua robo ya kila moja.

Umefanikiwa iwapo: mpokeaji anaweza kutaja kazi hizo bila kusoma, na angalau mbili kati yake zimemshangaza bosi.

## Hatua ya 3: Hoji matukio, si maarifa

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayofanywa ovyo zaidi.

Swali "Unajua nini kuhusu mtandao wa mabomba?" halina jibu. Swali "Mara ya mwisho bomba kuu lilipopasuka, nani alikupigia, na ulifanya nini kabla ya kutoka nyumbani?" lina jibu refu, lenye majina, mpangilio na sababu. Mtu hukumbuka kazi yake kwa njia ya visa, na ndani ya kisa ndimo zinamokaa hukumu anazozitoa bila kujitambua.

Kwa kila kazi iliyochaguliwa, tengeni kikao cha dakika 60 hadi 90. Mhojaji aulize, mpokeaji asikilize na kuandika, kinasa sauti kiwe wazi mezani kwa ridhaa ya anayehojiwa. Maswali yafuatayo hufaa karibu kila kazi:

1. Eleza mara ya mwisho ulipoifanya kazi hii, tangu mwanzo.
2. Ni wakati gani iliwahi kuharibika vibaya? Dalili ya kwanza ilikuwa ipi?
3. Ulitambuaje kwamba tatizo ni hili na si lile?
4. Mgeni akiifanya kwa kufuata maelekezo rasmi, atakosea wapi?
5. Nini kiliwahi kujaribiwa kikashindikana, na kwa nini?
6. Unapokwama humpigia nani, na yeye hukubali kwa sababu gani?

Swali la tano lisirukwe kamwe. Taasisi hurudia majaribio yaliyokwisha kushindwa kwa sababu kumbukumbu za kushindwa haziwekwi popote, na meneja mpya huja na wazo ambalo wazee wa ofisi walilizika zamani bila kuandika sababu.

Mhojaji anapokutana na maneno kama "hapo unaangalia tu", "inategemea" au "utajua mwenyewe", asimame. Chini ya maneno hayo ndipo ujuzi wenyewe ulipo. Aulize: unaangalia nini hasa? Inategemea nini? Fundi wetu akisema kwamba valvu "unaihisi" ikiwa imefunga sawasawa, mwendelezee swali hadi aseme kwamba valvu ile hufunga kwa mizunguko fulani, na kwamba ikigoma kabla ya kuifikisha basi kuna mchanga au jiwe kwenye kiti chake, na kulazimisha kutavunja ufito, yaani fimbo inayozungushwa kuifunga. Sasa kuna jambo la kufundishika.

Kazi za nje zihojiwe nje. Tembeeni naye. Mezani fundi atataja valvu kumi. Njiani, akiona kona ya barabara, atakumbuka ya kumi na moja. Kwa kila valvu pigeni picha mbili, ya karibu na ya mbali, kisha chukueni alama ya ramani kwenye simu. Msiridhike na alama hiyo pekee, kwa sababu simu ya kawaida inaweza kukosea kwa mita kadhaa hata pasipo na majengo marefu, na mita hizo ni shimo zima la kuchimba usiku. Pimeni kwa tepu umbali kutoka sehemu mbili zisizohama, kama vile kona ya jengo la mawe na kalvati. Mwembe utakatwa na kibanda kitahamishwa. Andikeni pia upande wa kufungia, maana katika mitandao iliyojengwa na miradi tofauti zipo valvu zinazofungwa kwa kuzungushia kushoto.

Tahadhari: bosi asiwepo kwenye mahojiano. Ujuzi mwingi wa maana umo katika njia za mkato zilizokiuka utaratibu na katika makosa yaliyofichwa. Mkuu wa taasisi aseme mapema, kwa maandishi, kwamba yatakayosemwa hapo hayatatumika kumwadhibu mtu kwa uzembe wa kawaida. Wizi na udanganyifu ni jambo jingine, na hilo pia lisemwe wazi.

Umefanikiwa iwapo: kila kikao kimetoa angalau jambo moja ambalo linapingana na utaratibu ulioandikwa. Kama hakuna hata moja, mlihojiana kwa adabu tu.

## Hatua ya 4: Kabidhi watu ana kwa ana

Orodha ya namba za simu haitoshi. Mzabuni aliyekuwa akileta bidhaa kwa neno la mdomo alikuwa akimwamini mtu, hakuwa akiiamini taasisi. Anayeondoka na mpokeaji waende pamoja kwa watu muhimu, na pale anayeondoka aseme kwa kinywa chake: "Kuanzia sasa mambo yetu utayamaliza na huyu." Dakika kumi za chai hapo zina thamani kuliko barua ya utambulisho.

Kwa kila mtu andikeni: husaidia nini, hupatikana saa ngapi, tunamdai au anatudai nini, ahadi zipi zilizotolewa kwa mdomo. Ahadi za mdomo ndizo huibuka baadaye zikiwa madeni.

Tahadhari: taarifa za watu binafsi zina sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya mwaka 2019. Andikeni yanayohusu kazi. Magonjwa, ndoa na siri za nyumbani za watu havina nafasi humo.

## Hatua ya 5: Mpokeaji aandike, kazi moja ukurasa mmoja

Watu hushangaa kuambiwa kwamba anayeondoka asiandike. Sababu ni hii: mjuzi huruka hatua ambazo kwake ni dhahiri, lakini mgeni anapojaribu kuandika hawezi kuvuka pengo bila kuuliza. Kila swali analouliza ni sentensi iliyokuwa ikikosekana. Anayeondoka abaki na kalamu nyekundu ya kusahihisha.

Ukurasa uwe na umbo hili, ambalo nimelijaza kwa mfano wa kubuni:

> Kazi: Kufunga maji bomba la sokoni likipasuka
> Hutumika: Presha ikishuka ghafla soko na hospitali kwa pamoja. Ikishuka soko peke yake, tatizo ni dogo na liko baada ya tawi.
> Kwanza: Mpigie mlinzi wa tangi, ijulishe hospitali ili wajaze matangi yao.
> Hatua: Funga valvu namba 4, kisha namba 6. Zungusha polepole, hasa mizunguko ya mwisho.
> Kwa nini polepole: Maji yakisimamishwa ghafla hupiga bomba kwa nguvu na yanaweza kupasua sehemu ya pili.
> Kosa la kawaida: Kurudisha maji kwa kasi. Fungua kidogo, acha hewa itoke, toa tope kwenye tundu la chini la kumwagia maji, ndipo ufungue yote.
> Imekaa sawa iwapo: Maji yanayotoka mwisho wa laini ni maangavu na hayakohoi hewa.
> Mwenye ukurasa / tarehe ya kuupitia: …

Mistari ya "kwa nini" isifutwe kwa ajili ya kufupisha. Mazingira yakibadilika, anayejua sababu ataweza kubadilisha hatua, ilhali anayejua hatua peke yake atakwama au atalazimisha.

Umefanikiwa iwapo: mtu wa tatu, asiyehusika na kazi hiyo, ameusoma ukurasa na kueleza kwa maneno yake nini kifanyike na nini kisifanyike.

## Hatua ya 6: Mpokeaji afanye, anayeondoka atazame

Kuanzia wiki ya pili, kila kazi iliyo kwenye orodha ipite mizunguko mitatu: anayeondoka anafanya huku akisema kwa sauti anachokifikiria, wanafanya pamoja, mpokeaji anafanya peke yake huku mwenzake amekaa kimya. Kimya hicho ni kigumu sana kwa wataalamu wazoefu. Wengine hunyoosha mkono na kunyang'anya spana. Mhojaji awepo mzunguko wa tatu ili amzuie.

Kazi za mara moja kwa mwaka haziwezi kusubiriwa. Zifanyieni igizo kwa karatasi za mwaka uliopita: mpokeaji aandae bajeti ile upya, kisha alinganishe na iliyopelekwa na kuuliza kila tofauti.

## Hatua ya 7: Hamisha milango ya kuingilia

Hatua hii ni fupi lakini ikisahaulika huzima ofisi.

Fanyeni orodha ya kila akaunti ambayo taasisi huitumia: benki, mifumo ya kodi na hifadhi ya jamii, ukurasa wa mtandaoni, anwani ya tovuti, namba ya malipo ya simu. Mbele ya kila moja andikeni baruapepe iliyosajiliwa na *namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho*. Mara nyingi mtagundua kwamba namba hiyo ni ya anayeondoka. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe, kwa hiyo hawezi tu kuiacha mezani pamoja na funguo. Taasisi isajili laini kwa jina lake, kisha akaunti zote zihamishiwe huko akiwa bado yupo kupokea ule msimbo wa mwisho.

Manenosiri yasiandikwe katika kurasa za hatua ya tano. Yakae mahali pa siri penye watu wawili wanaoruhusiwa, na yabadilishwe siku anayoondoka.

Nyaraka nazo ziwe kwenye folda ya taasisi, na nakala iliyochapwa iende masijala. Kundi la WhatsApp lisihesabiwe kuwa hifadhi: ujumbe hupotea katikati ya pongezi na matangazo ya misiba, na simu ikiibiwa umekwisha.

## Hatua ya 8: Jaribu kutokuwepo kwake

Wiki ya mwisho, anayeondoka akae mbali na ofisi kwa siku mbili za kazi, simu yake ikiwa haipigwi kwa mambo ya kikazi isipokuwa usalama wa watu. Mpokeaji aandike katika kaunta buku kila swali ambalo angempigia. Siku ya tatu wakae, wajibu yote, na kila jibu liingizwe kwenye ukurasa wake.

Kitabu kikirudi kitupu, msifurahi haraka. Ama siku hizo hazikuwa na kazi, ama mpokeaji aliona haya kuandika.

Pia kubalianeni kwa maandishi kuhusu simu za baadaye: siku gani, saa ngapi, hadi lini, na kama atalipwa. Mstaafu anayepigiwa bure kila asubuhi hufika wakati akaacha kupokea, na ana haki.

Umefanikiwa iwapo: katika siku 30 za kwanza baada ya kuondoka kwake, kila simu aliyopigiwa imezaa marekebisho ya ukurasa, na kufikia siku ya 90 hakuna swali lililoulizwa mara mbili.

## Kama ameshaondoka, au hataki

Aliyeondoka bila kukabidhi ameacha nyayo: baruapepe, stakabadhi, vitabu vya kazi, watu aliokuwa akiwapigia. Fanyeni hatua ya pili kwa nyayo hizo, kisha hatua ya tatu kwa wale waliokuwa wakipokea huduma yake, yaani dereva, katibu muhtasi, mzabuni, mteja wa siku nyingi. Kila mmoja ana kipande.

Anayekataa kusema mara nyingi ana sababu. Huenda aliwahi kumfundisha kijana akapandishwa cheo juu yake, au anaamini kwamba anachokijua ndicho pekee kinachomfanya ahitajike. Mwombeni amfundishe mtu mmoja anayempenda yeye, badala ya "kuiandikia taasisi". Jina lake liandikwe juu ya kurasa zinazotokana na ujuzi wake, na mkataba mfupi wa ushauri wenye malipo ufikiriwe. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kuchimba barabara mara nne kutafuta valvu moja.

Kwa wanaobaki, punguzeni mzigo wa makabidhiano yajayo kwa kikao cha nusu saa baada ya kila tukio kubwa, chenye maswali manne yanayotumiwa katika jeshi la Marekani baada ya mazoezi: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini kuna tofauti, na mara ijayo nini kibaki na nini kibadilike. Jibu la swali la nne liingizwe kwenye ukurasa wa kazi husika siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika, na tarehe ya chini ya ukurasa ibadilishwe.